Mkono wa Gurudumu la Akoth

Majirani wa Gatwekera, nyumba ya Oketch mnaijua. Jumapili ile baada ya kanisa, Akoth alikuwa mlangoni akiosha tuktuk yake ya biashara, mumewe akimtania kwamba anaipenda kuliko yeye. Walikuwa wakicheka.

Redio ndiyo iliyowaharibia siku. Gathogo, mwenye gereji ya Kawangware alikofanya kazi Oketch, alikuwa akihojiwa kuhusu mkono mwepesi wa gurudumu, kile chuma kinachoshikilia gurudumu na springi. Ukiwa mwepesi, tuktuk hubeba zaidi na kunywa mafuta kidogo. "Niliubuni mwenyewe," alijigamba. Uongo mtupu! Oketch ndiye aliyehangaika akipinda vyuma na kuvivunja, hadi akajua uzito hupita wapi, na wapi chuma kinaweza kupunguzwa bila madhara.

"Huyu atanitambua," Oketch alisema.

"Wachana na yeye, baba Celine," Akoth alimsihi.

Hakuachana naye. Kesho yake, wenzake walipoenda kula, aliukwangua mkono wa tuktuk ya Gathogo pale pale palipobeba uzito wote, akaziba kwa filla na kupaka rangi. Jamani, roho yake ilitulia! Alienda nyumbani mapema, akisubiri kusikia tajiri amebingirika.

Lakini gereji zetu mnazijua. Mteja akikwama na spea haipo, inafunguliwa kwenye gari lolote lililosimama. Jioni hiyo tuktuk ya Akoth iliingia shimoni, mkono wa gurudumu ukapinda, akajikokota hadi kwa Gathogo.

"Shemeji hawezi kukosa kazi na mimi niko," Gathogo alisema. "Fungueni mkono wa tuktuk yangu, mumwekee."

Akirudi, tuktuk yake ilipinduka kwenye mteremko wa kuingia mtaa wa Lindi. Akoth alikatwa mguu.

Hospitalini, Gathogo alimwonyesha Oketch chuma kilichovunjika, filla ikimeguka. "Oke, hii imechezewa. Kuna mtu alitaka kunimaliza."

Akoth aliushika mkono wa mumewe. "Mtafute, baba Celine. Ukimpata, usimhurumie hata kidogo. Niahidi."

Oketch akaahidi.

FUNZO

Gathogo aliiba jasho la mwenzake, nami simtetei. Lakini aliyedhulumiwa aidai haki yake hadharani, mbele ya watu. Kisasi ukishakiachilia, huwezi kukichagulia wa kumpiga. Mpaka leo Akoth humlaani aliyekichezea chuma kile kila anapochukua magongo yake, na Oketch huitikia amina.