Dawa ya Begani

"Tulia, mke wangu, nisije nikakukata."

Kinyozi alikuwa anamnyoa mkewe ndevu. Ndiyo, ndevu! Zilianza kama vinyweleo vya kuchekea, sasa kila Jumapili lazima zinyolewe kabla wifi hajapita kusalimia. Hedhi nayo ilikuwa imekatika miezi mitano, na mama mkwe alishatangazia ukoo mzima kwamba mwanawe kaoa mwanaume mwenzake.

"Jana nilikwenda hospitali," mke alisema.

Wembe ukasimama.

"Daktari kaniuliza kama mume wangu anajipaka dawa ya homoni za kiume. Nikacheka mpaka nikaona haya."

"Daktari naye! Anauliza mambo gani?"

"Halafu nikakumbuka ile pomedi unayojipaka mabegani ukitoka kuoga. Tangu lini pomedi ya nywele ikapakwa mabegani? Na mimi ndipo ninapolalia kila siku."

Kinyozi alikaa chini.

"Homoni zangu zilishuka. Nikapewa dawa ya kupaka. Nikaihamishia kwenye kopo la pomedi ili usijue, na karatasi ya maelezo nikaichoma."

"Uliisoma?"

"Sikuisoma."

"Basi daktari kanisomea mimi. Mpakaji anafunika bega, mtu asimguse. Tena dawa hiyo inapunguza mbegu. Mtoto tunayemlilia, baba, ulikuwa unamzuia kwa mkono wako mwenyewe."

Kinyozi akalia kama mtoto. Alichukua simu, akamwandikia mama yake: "Mama, mwenye tatizo ni mimi. Mke wangu hana kosa."

Jibu halikuchelewa: "Amekulazimisha uandike hayo. Mwache arudi kwao."

Mke alilisoma, machozi yakamtiririka juu ya povu la sabuni.

"Nilipokuwa nakunywa dawa za uzazi, zikinitapisha, wewe ndiye ulikuwa unanishikia beseni. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaniona nusu mwanaume."

"Ningekupaka mimi mwenyewe, na glavu nikavaa. Na mama yako alipokuwa ananiita mwanaume, ulikuwa unasikia?"

Kinyozi alitamani kukataa, ila uongo ulikuwa umemwishia.

"Nilikuwa nasikia."

Mke alinawa uso taratibu, akachukua mkoba wake, akaenda kwa dada yake. Kinyozi alimpigia simu mara kumi na moja. Hakupokea hata moja.