Keria Tupu Mwisho wa Reli

Kituo cha Barabara ya Tisa kilikuwa kimejaa mpaka watu wamesimama juu ya vidole vya wenzao. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, mwezi pekee ambao jua hukumbuka kwamba San Francisco nako kuna watu, na kila mmoja alitaka kwenda pwani. Katikati yao alisimama Anselmo Barrios, fundi wa vigae, kakumbatia ubao wa kuteleza mawimbini uliomzidi urefu kwa mikono miwili. Kila alipogeuka kumwomba samahani aliyempiga mbele, alimpiga mwingine nyuma.

Tramu ikafika. Dereva alikuwa binti aliyevaa sare ya kahawia, nywele nyeusi kazibana kwa penseli. Alimtazama kwenye kioo, akachukua kipaza sauti.

"Wewe mwenye mlango, unahama nyumba?"

Abiria wakacheka.

"Ni ubao tu, dada."

"Nauona. Ubao haupandi."

"Na mimi je?"

"Wewe unapanda. Ubao unabaki."

"Hatujawahi kutengana."

"Basi bakini wote wawili, mtunzane."

Mlango ukafungwa. Mwanamume mwenye akili timamu angekasirika. Huyu alikwenda kwa wazazi wake, Barabara ya Kumi, akaifufua gerejini baiskeli kuukuu ya baba yake, akakunja vipande viwili vya bomba la maji, akavichomelea ubavuni na kuvizungushia zulia chakavu. Ikawa keria, ubao ukalala humo kama mtoto. Jumamosi iliyofuata alitokea kando ya tramu ileile, kifua mbele, akagonga dirisha la dereva kwenye taa nyekundu.

"Ubao umepata usafiri wake," alisema. "Sasa mimi niko peke yangu. Unashuka saa ngapi?"

"Tazama mbele, utagonga pipa la taka."

Akaligonga. Kufikia jioni alikuwa anajua jina lake, Noreen Tam.

Noreen alizaliwa mtaa ule, bahari ikiwa mwisho wa barabara yao, na maji hayajawahi kumpita kifundo cha mguu. Alikuwa ameziona helikopta zinazozungukazunguka juu ya maji, na aliwajua majirani ambao watu wao hawakurudi. Kwa hiyo mapenzi yalipokolea alimwambia Anselmo wazi: "Sikukatazi. Lakini nataka kujua."

Wakapatana hivi. Anselmo ataifunga baiskeli kwenye uzio mwisho wa reli, pale tramu zinapogeukia. Keria ikiwa na ubao, ametoka. Keria ikiwa tupu, yumo majini. Noreen alikuwa anafika pale kila baada ya saa mbili, na kabla hajavuta breki macho yake yalikuwa yameshafika kwenye uzio. Wengine hupelekeana maua. Hawa walipelekeana keria.

Hata kufuli ya baiskeli Anselmo aliifunga kwa tarakimu nne za kitambulisho cha kazi cha Noreen, mbele ya macho yake, kwa madaha.

"Dereva wangu," alikuwa akimwambia kwenye simu, meno yakigongana kwa baridi.

"Fundi. Nimeona ubao umerudi."

"Umerudi na mwenyewe. Mwenyewe ana njaa."

"Mwenyewe anywe chai. Zamu yangu inaisha saa kumi, nitamletea maandazi ya nyama ya kwetu, yale ya mvuke."

Ikaenda hivyo miezi minne, mpaka Jumamosi moja ya Januari. Noreen aligeuza tramu akaona kwenye keria ubao mwingine, mfupi, wa njano. Kando ya baiskeli Anselmo alikuwa anamfungia mtu zipu ya mgongoni. Mtu huyo alikuwa mfupi, kiuno chembamba, amebanwa na lile vazi jeusi la mpira, kofia yake imemfunika mpaka shingoni. Anselmo akamfuta mchanga. Mtu akampiga kofi la makalio, wakaondoka wakicheka kuelekea majini.

Simu ya jioni hiyo haikuwa ndefu.

"Nani yule?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi?"

"Nimemwapia, malkia. Nipe mwezi mmoja. Niamini."

"Unamfungia zipu mbele ya tramu yangu, halafu nikuamini?"

"Noreen, si unavyofikiri."

"Mimi sifikiri kitu. Usiegeshe tena baiskeli yako mbele ya macho yangu."

Akatii, mpumbavu yule. Wiki tatu uzio ulikaa bila baiskeli ile, na wiki tatu Noreen akautazama kila mzunguko, huku akijiambia anatazama hali ya hewa.

Jumatano moja, saa nne na dakika ishirini asubuhi, aligeuza tramu, akaiona baiskeli. Mahali palepale. Keria tupu.

Moyo ulimruka, akaukalisha chini. "Si mume wangu," alimwambia usukani, ingawa tramu haina usukani. Alifunga milango akaenda zake mjini. Njiani alisikia abiria wawili wakisema mawimbi yamevimba tangu alfajiri, yanavunjika mbali kule hata wazoefu wanageuza. Akapitiliza kituo. Abiria wakagonga vioo.

Aliporudi ilikuwa saa sita na nusu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye nyaya. Asubuhi palikuwa na baiskeli saba au nane pale uzioni, sasa imebaki moja. Keria bado tupu.

Saa mbili nzima, katika maji yale, hata samaki angetaka sweta.

Alikuwa na mapumziko ya dakika kumi na mbili. Alipiga simu, akakisogelea kikapu cha baiskeli, ambamo Anselmo huacha simu akiingia majini, kusikiliza kama italia humo. Haikulia. Sikioni mwake mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Noreen?"

Alishika uzio.

"Noreen, ni wewe?"

"Uko hai," alisema.

"Niko Daly City, naweka vigae bafuni kwa mtu. Ulitaka niweje?"

"Baiskeli yako iko hapa."

"Haiwezekani. Iko gereji kwa mzee."

"Anselmo, nimeishika. Keria tupu, tangu saa nne."

Kwenye simu ukasikika mlio wa kigae kupasuka sakafuni.

"Ni mama," alisema.

"Mama nani?"

"Mama yangu, Eulalia. Yule uliyemwona, Noreen. Namfundisha. Mzee hataki hata apande ngazi tangu operesheni ya goti, kwa hiyo mama akaniapisha nisimwambie mtu. Leo amekwenda peke yake."

Noreen alitazama ukungu. Ndani ya ukungu mawimbi yalikuwa yanaanguka kama magunia kutoka ghorofani.

"Wapigie waokoaji," alisema. "Mimi naenda."

"Usimtafute hapo. Mkondo—"

"Naujua mkondo, nimezaliwa hapa. Piga simu."

Alifunga tramu. Akapiga magoti mbele ya kufuli, akazungusha tarakimu za kitambulisho chake. Alitegemea ikatae. Wiki tatu ni nyingi, na mwanamume aliyetukanwa hubadilisha namba. Kufuli ikafunguka.

Hakuwa na nafasi ya kulia. Alipanda baiskeli akashika barabara ya pwani kuelekea kusini.

Mitaa ya kule imepangwa kwa alfabeti, na ndivyo watoto wa pale wanavyojifunza kusoma: Judah, Kirkham, Lawton, Moraga, Noriega. Mkondo nao unaisoma vilevile. Ukiingilia Judah, pale reli inapoishia, na mawimbi makubwa, utatokea herufi za mbele, ukitokea. Noreen alikanyaga pedali, akasimama Kirkham, akapanda tuta la mchanga, akaita. "Mama Eulalia!" Povu tu. Akasimama Lawton. Hakuona zaidi ya hatua hamsini.

Moraga aliona kitu cha njano.

Alitupa baiskeli akakimbia na viatu vyake vya kazi mpaka kwenye maji. Ulikuwa ubao ule mfupi, unageuzwageuzwa na povu, wenyewe. Kamba yake, ile ya kufunga mguuni, ilikuwa imekatika katikati.

Aliushika. Maji yakampita kifundo cha mguu, yakampita goti, wala hakuyaona. Aliita tena, sauti ikatoka ndogo. Hakujua kwa nini anauburuta ubao mpaka barabarani na kuupandisha kwenye keria. Alijua tu kwamba hatarudi kule uzioni na keria tupu. Aliukaza kwa mpira, akakumbuka alivyofundishwa na Anselmo: ncha iinamishwe, mkono wa kulia uishike, maana upepo wa ubavuni ukiupata ubao hukufanya tanga. Akapanda. Upepo ukampeleka huku na huku barabara nzima. Akang'ang'ana.

Noriega, kwenye ngazi za saruji, sauti ikatoka ndani ya ukungu.

"Binti. Huo ubao wangu unaupeleka wapi?"

Noreen alifunga breki zote mbili akaanguka na baiskeli, ubao na yote.

Alikuwa ameketi ngazi ya tatu, anakamua kofia ya mpira kama anakamua fulana. Bibi wa miaka sitini na mitatu, msuko mweupe mgongoni, vazi lenyewe saizi ya watoto. Kisigino kilikuwa kinavuja damu.

"Wewe ndiye mama yake Anselmo?"

"Inategemea nani anauliza. Kama umetumwa na mume wangu, simjui huyo kijana."

"Mimi ni Noreen."

Bibi aliacha kukamua. Akamkagua kuanzia penseli ya kichwani mpaka suruali iliyolowa.

"Ee. Kumbe namba zenyewe ni wewe," alisema. "Mwezi mzima nazizungusha kwenye kufuli. Kila nikimwambia tuweke mwaka wa kuzaliwa kwangu, anasema, mama usiziguse. Sasa unalia nini?"

"Nilijua umekufa."

"Hata mimi nilijua, pale kamba ilipokatika. Nikajiambia, Eulalia, mumeo Fermín akisikia umekufa majini atakuua. Nikaogelea."

Noreen alicheka machozi yakiwa bado yanatoka. Alipiga simu. "Nimempata. Ameumia kisigino na ananiita mwizi. Waambie waokoaji warudi." Upande wa pili mtu mzima alikaa kitako juu ya vigae ambavyo saruji yake haijakauka. Kazi ile alikuja kuirudia upya.

"Nisamehe, mama," Noreen alisema akimfunga kisigino kwa skafu ya sare. "Nilikuona siku ile ukifungwa zipu, nikafikiri ni msichana wake."

"Rudia."

"Nilifikiri wewe ni msichana."

"Kwa nyuma?"

"Kwa nyuma."

Mama Eulalia alitabasamu kwa muda mrefu. "Haya, nisimamishe," alisema. "Goti ni jipya. Kilichozeeka nyumbani ni mume."

Walirudi polepole, bibi amekaa kwenye tandiko, Noreen anasukuma, ubao kwenye keria. Tramu ilikuwa imechelewa dakika kumi na tisa na abiria wamenuna mstari mzima. Gari la bosi wa Anselmo nalo lilikuwa linafunga breki pale uzioni. Anselmo akaruka nje, saruji mpaka kwenye nyusi. Alimkumbatia mama yake, akamgombeza, akamkumbatia tena. Kisha akageuka.

"Noreen."

"Nimechelewa, Anselmo. Mama anapanda na mimi."

"Na ubao?"

"Ubao haupandi."

Mlango ukafungwa. Basi akapanda baiskeli na ubao wa mama yake ubavuni, akaifuata tramu. Kituo cha Barabara ya Arobaini na Sita aliwahi dirishani.

"Nisamehe."

"Mama ulimpa kiapo. Mimi ulinipa nini?" Na tramu ikaondoka.

Arobaini: "Nilikuomba mwezi mmoja."

"Niliutazama ule uzio wiki tatu. Mara nne kwa siku." Tramu ikaondoka.

Thelathini na Nne: "Na mimi kila usiku nilishika simu nikaiweka chini. Uliniambia nisitokee."

"Ni nini kingine nilichowahi kukuambia ukatii?" Tramu ikaondoka.

"Shika ncha ya ubao," mama Eulalia alimpigia kelele kwa dirisha la kiti cha mbele. "Upepo huo."

Ishirini na Nane alifika mate yamemkauka, akashika ukingo wa dirisha.

"Noreen Tam. Nioe. Yaani, olewa. Yaani, nataka nikuoe."

Mzee mmoja kule nyuma akafunga gazeti. Taa ikawaka kijani. Noreen akatazama taa, akatazama saa, akaondoa tramu.

Kuanzia pale barabara inapanda. Kwenye kioo Anselmo alianza kupungua, kwanza kama mtu, kisha kama kofia, ubao wa njano ukiyumba ubavuni mwake.

"Binti," alisema mama Eulalia taratibu, "chombo hiki hakina breki?"

"Kina ratiba, mama."

Kituo cha Kumi na Tisa Noreen alifungua milango, na safari hii hakuifunga. Taa ikawa kijani. Akakaa. Ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Hakuna abiria aliyegonga kioo.

Anselmo alifika anasukuma, hana pumzi. Alilaza kipaji cha uso dirishani.

"Nijibu," alisema, "au niitie gari la wagonjwa."

Noreen alichomoa penseli kichwani, nywele zikamwagika mabegani. Alimkwangua nayo kipande cha saruji kwenye nyusi.

"Kesho naanza zamu saa moja asubuhi," alisema. "Egesha palepale. Na ukitoka majini uweke ubao upesi, maana sitaki kuvaa nguo za msiba kabla sijavaa za harusi."

Nyuma kabisa mtu akauliza, "Amekubali?"

"Amekubali," mama Eulalia alimjibu. "Sasa funga mlango, mkwe wangu, twende. Fermín anarudi kula saa nane na lazima anikute nimekauka."

Milango ikafungwa. Siri ya mama Eulalia ilibaki ya watu watatu tu, ukiacha abiria wa tramu nzima, na mzee Fermín, yule aliyefunga gazeti kule viti vya nyuma.