Magodoro ya Nyonyo

JUMAMOSI, JIONI

Chumba cha nyuma cha banda la dagaa, Mwigobero. Mugeta alipanga maganda ya karanga mezani: hili geti, hili stoo, hili lori. Watu wanne, dili moja. Na dili lenyewe lilinuka tangu mwanzo.

"Kesho asubuhi karakana ya Nyakato haina mtu," alisema. "Mlinzi anaendaga misa. Misa ikiisha, wazazi wa shule wanakuja kubeba magodoro yao. Sisi tunawahi. Tunachukua yale, tunawaachia haya ya Masatu. Kava ni zilezile za bluu."

Masatu alikuwa mfanyabiashara wa Bunda. Magodoro feki yalitoka kwake, na yale ya karakana yangepelekwa kwake.

Gasper, mbebaji, mtu wa misuli zaidi ya akili, akacheka. "Godoro ni godoro, bwana."

"Siyo haya," alisema Hilda. Ndiye aliyeyatengeneza pale karakana, na ndiye aliyeuza siri. "Mbegu za nyonyo zinatoka Guta. Tunakamua mafuta, tunayapika na dawa mpaka yabadilike, halafu tunatia unga wa kuzuia moto. Ukichanganya dawa ya mwisho, yanaumuka kama maandazi. Hoteli zinayagombania."

"Ni shule gani hiyo?" aliuliza Alfonce, dereva.

"Dereva anaulizaga njia," Mugeta alimjibu.

JUMAPILI, KENGELE YA PILI

Funguo za Hilda zilifungua kila kitu. Gasper akaanza kushusha feki kulia, na kutoa halali stoo akiyaweka kushoto. Kengele ya kanisani ikalia, akapaparika, marundo yote mawili yakaporomoka. Bluu juu ya bluu. Uzito uleule. Fala mkubwa.

"Tenganisheni," Mugeta alisema kwa sauti ya chini, akarudi getini kulinda.

Hilda alifanya kama wanavyopima kazini. Alifungua zipu, akawasha pembe ya sponji. Moto ukashika, ukasita, ukazima wenyewe, ikabaki ngozi nyeusi. La nyonyo hilo. Lililofuata liliwaka mara moja, likadondosha matone ya moto sakafuni. Akalikanyaga upesi.

Alfonce aliyaona yale matone.

"Hilda. Shule gani?"

"Butiama. Hosteli ya wasichana, ile iliyoungua mwaka jana." Hakumtazama. "Nilijiambia moto hauwezi kuja mara mbili."

Jenoveva, binti wa pekee wa Alfonce, alikuwa ndani ya hosteli ile ilipoungua. Alitolewa dirishani. Rafiki yake wa kitanda cha juu hakutolewa. Mpaka leo mtoto akisikia harufu ya plastiki inaungua, anatapika.

MAHUBIRI

Alfonce alitoa kiberiti chake cha gesi. "Nikusaidie."

Yaliyozima aliyarudisha stoo. Yaliyowaka aliyakanyaga, akafunga zipu, akampa Gasper. Gasper alipakia bila kuuliza.

Hilda akaona. "Kaka, unatuua."

"Mwanangu analala kule."

Hilda aliinamia godoro lililofuata. Akawasha pembe nyingine, ikazima. Akalisukuma godoro stoo yeye mwenyewe.

BUNDA, MISA IMEKWISHA

Masatu hakuwa mtu wa kuamini kava. Lori lilipoingia ghalani alivuta godoro la juu, akalichana kwa kisu, akawasha. Likashika lote, likayeyuka, moshi mweusi ukajaa mpaka kwenye bati. Akachana la pili. Hivyohivyo.

Mugeta hakupaza sauti. Hapo ndipo walipojua kimewaka. Alimkamata Hilda shingoni.

"Mpimaji ni wewe. Nani alitenganisha?"

Hilda alifumba macho. Ana watoto watatu nyumbani, angefanyaje? "Alfonce."

Gasper, aliyekula na Alfonce sahani moja miaka yote, akafunga mlango wa ghala.

"Geuza lori," Mugeta alisema. "Tunarudi kuyachukua."

"Wazazi wameshapakia," alisema Alfonce. "Yako njiani Butiama."

"Tutayafuata hukohuko. Endesha."

Alfonce alitoa funguo za lori mfukoni. Akazitupa kwenye godoro lililokuwa linawaka. Zikazama katika ule ujiuji wa moto.

Mugeta alimtazama Gasper, na Gasper akaokota nondo, taratibu, machozi yakimlengalenga. Alfonce aliogopa. Akajishikilia kwenye tairi.

"Piga, ndugu yangu," alisema. "Mwanangu leo analala."