Sauti ya Mtafsiri

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi viatu, na mimi simwiti mwongo. Mama yake alikuwa hoi kitandani, daktari ameshanyoosha mikono. Alichotaka mama ni ile kanda yao ya video tu: filamu ya mazimwi ya kuchekesha, iliyotafsiriwa na jirani yao, sasa marehemu. Jirani huyo aliwasemea wahusika wote, hata bibi harusi, kwa sauti yake moja ya mafua. Waliijua neno kwa neno, na bado iliwavunja mbavu.

Mchana ule fundi aliziba dirisha kwa blanketi, maana mwanga ulimuumiza mama macho, akaiweka kanda kwenye deki. Zimwi lilipojikwaa kwenye ndoo, umeme ukakatika. Giza totoro. Deki ikanyamaza.

“Pole mama, tungoje urudi,” fundi akasema.

“Mama hawezi kungoja,” ikajibu ile sauti ya mafua, kutoka kwenye televisheni iliyozimika. “Anamwambia mwanawe amshike mkono.”

Mama hakuwa amefumbua mdomo. Fundi akapapasa gizani, akaupata mkono. Ulikuwa umeshapoa na kukakamaa.

“Hapa,” sauti ikasema, “mama anacheka.”

Na mama akacheka.