Siku Tuliyomnunulia Baba Pleya Mpya

"Chumba chenyewe kidogo tu, cha watu wawili."

Hayo maneno aliyasema dada yangu wa damu, dukani, akimjibu muuzaji.

Watu wawili?! Baba yetu analala peke yake!

Ngoja niwaeleze vizuri ndugu zangu.

Baba haoni, mwaka wa sita sasa. Starehe yake ni moja: kila mchana akishakula, anasikiliza santuri zake. Na ile pleya yake imenizidi umri! Leo mkanda unaozungusha sahani ya santuri umelegea, mwimbaji anavuta sauti kama mtu mwenye usingizi. Kesho sindano imeisha. Keshokutwa inataka mafuta.

Fundi nani? Mimi! Mimi ninayempikia, ninayemfulia, niliyeacha kazi saluni kwa ajili yake. Dada yeye ni simu ya Jumapili, basi.

Mwezi uliopita akatokea ghafla.

"Mdogo wangu, tumnunulie baba pleya isiyo na usumbufu."

Nikafurahi kama mjinga.

Dukani muuzaji akatuwekea mbili mezani.

"Hii ya mkanda. Sauti tamu, ila mkanda utabadilisha. Hii nyingine haina mkanda, mota inazungusha sahani moja kwa moja. Santuri ikiisha, mkono wa sindano unarudi wenyewe."

"Hata asiyeona ataiweza?" dada akauliza.

"Anabonyeza tu. Sindano ubadilishe mara mojamoja. Chumba chake kikubwa?"

Ndipo likamtoka lile la watu wawili.

Nikamvuta pembeni.

"Chumba gani hicho?"

Akajifanya anasoma bei.

"Dada, nakuuliza!"

"Baba anahamia nyumba ya wazee. Jumatatu."

Weee! Nilipiga kelele mpaka wateja wakageuka. Nikamwambia hana utu, anaitolea macho nyumba ya baba aiuze. Akachukua ile isiyo na mkanda, akaikumbatia kifuani, machozi yanamchuruzika.

Nikasema moyoni, anaigiza huyu.

Nyumbani nikapitiliza hadi chumbani kwa baba.

"Baba! Unajua dada anataka kukupeleka wapi?"

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwomba."

Jamani...

"Wewe? Kwa nini baba? Nimekukosea nini?"

Akanyoosha mkono hewani, ananitafuta. Sikusogea.

"Sioni, mwanangu, ila nasikia. Kila ukija kufunga mkanda, unasonya. Sahani ya chakula unaibwaga mezani. Juzi ulikuwa jikoni unaongea na simu, ukasema, 'Huyu mzee atanimalizia ujana wangu.' Nilikuwa mlangoni, nimekuja kuomba maji. Nikarudi sijanywa."

Ningekana vipi?

Nilisema kweli. Na kusonya nilisonya, tena si mara moja.

"Sina kinyongo," akasema taratibu. "Nimemwambia dada yako anitafutie pleya ambayo haitamchosha mtu. Na mimi niende mahali ambapo sitamchosha mtu."

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Alijua yote tangu mwanzo, na pale dukani alikubali nimtukane kuliko kunieleza mbele za watu baba amesikia nini.

Jumatatu wakaondoka.

Nimeshakwenda kumtembelea mara mbili. Ananipokea vizuri, anauliza kama nimekula, ananishukuru kwa kuja... kama anavyoshukuriwa mgeni. Akitaka maji, anamwomba mzee wa kitanda cha pili. Mimi nimekaa hapohapo!

Wewe unayemhudumia mzazi, nisikilize. Kuchoka si dhambi. Ukichoka, waambie ndugu zako waje wakupokee. Mimi mbele ya dada nilijifanya chuma, hasira zangu nikazimalizia kwa mtu niliyedhani hana pa kwenda.

Kumbe alikuwa napo.