Kidole Mbele ya Nozeli

Watu wa kijiji cha Ole waliijua pikapu ya Nassor kabla hawajaiona. Ilikuwa inakohoa. Ilikohoa asubuhi ikienda mjini Wete na mihogo, ikakohoa jioni ikirudi na unga, sabuni na abiria wawili watatu waliochoka kutembea. Moshi wake mweusi uliwafanya wanawake wa njiani wakimbilie kuanua nguo.

Ilikuwa gari ya zamani, ya dizeli. Ilikwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia Nassor, naye aliipenda hivyo hivyo. Nassor hakuwa fundi. Lakini alizoea kukaa gereji kule Wete akiwatazama mafundi, na mtu akitazama sana kazi ya mwenzake, hujiona naye anaijua.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, Nassor aliamua kutafuta nozeli mbovu. Nozeli ni kidude cha chuma kinachorusha dizeli ndani ya injini. Pampu huisukuma dizeli kwa nguvu kubwa sana, nayo nozeli huitawanya iwe kama ukungu. Nozeli ikichakaa, dizeli haiungui vizuri. Gari hutoa moshi na hukosa nguvu.

Nassor alichomoa nozeli moja kwenye injini, akaifunga tena kwenye paipu yake, safari hii ikitazama nje. Kisha akamwita mkewe.

"Mwanawema! Hebu njoo unipigie stata."

"Mie n'na samaki jikoni."

"Samaki keshakufa, hakimbii. Njoo!"

Mwanawema alicheka. Akafuta mikono kwa kanga, akapanda garini. Nassor akaweka kidole cha shahada mbele ya nozeli ili apime nguvu ya dizeli. Ndivyo alivyowaona watu wakifanya.

"Haya, piga!"

Stata ikalia. Nozeli ikatema.

"Basi! Basi! Zima!"

Nassor alikitazama kidole chake. Palikuwa na tundu dogo, kama la sindano, na tone moja la damu. Halikumuuma.

"Imenidonoa tu," alisema, akakifuta kidole kwa tambara.

Chakula kilipotengwa, Nassor alinawa, akakaa mkekani na mama yake, Bi Kazija, na mkewe. Akafinya tonge la wali. Tonge likamponyoka. Akafinya jingine, nalo likaanguka. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi.

"Mwanangu," alisema Bi Kazija, "hicho kidole cha nani?"

Wote walikitazama. Kilikuwa kimevimba na kugeuka cheupe. Mwanawema alikigusa. Kilikuwa baridi.

"Kitapona," alisema Nassor. Lakini alikuwa ameanza kuogopa.

"Kitapona kikikandwa," alisema Bi Kazija. Akaenda kuteleka maji. Akatoa na kichupa chake cha mafuta ya karafuu, ambacho kwake yeye ni dawa ya jino, ya mgongo na ya kila kitu. Maji yalikuwa yanatoa moshi, na tambara limekwisha kuchovywa, waliposikia mtu akipiga hodi.

Alikuwa jirani yao, Mzee Jecha, aliyekuja kuazima jembe. Zamani Mzee Jecha alikuwa fundi wa mashine za boti. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza vile viwili vilikwenda wapi.

Alikiona kidole cha Nassor. Akaliona na tambara la moto.

"Umechomwa na nini?"

"Nozeli, Mzee. Kitundu kidogo tu."

"Bi Kazija, weka chini tambara hilo! Msikikande! Msikisugue!"

Bi Kazija alishtuka. Hakuzoea kukemewa nyumbani kwake. Mzee Jecha akainua mkono wake wenye vidole vitatu.

"Na mie ilikuwa kitundu vino vino, kama chako," alisema. "Kwenye mashine ya boti. Haikuniuma. Nikakandwa, nikapakwa mafuta, nikalala. Kulipokucha vidole vilikuwa vyeusi. Daktari akaniambia, ungekuja jana, Jecha, ungekuwa navyo."

Mwanawema aligeuka kuitazama pikapu. Ni yeye aliyepiga stata.

"Lakini ni dizeli tu," alisema Nassor kwa sauti ndogo.

"Dizeli ikikumwagikia, unanawa, imekwisha. Hii imesukumwa na pampu. Imepasua ngozi, imeingia ndani. Tundu liko hapa, lakini mafuta yenyewe huenda yamefika kiganjani, nayo yanaua nyama. Ukikanda unayasukuma mbele. Vua hiyo pete kabla mkono haujavimba zaidi. Usifunge kamba. Usile, usinywe, maana huenda ukapasuliwa. Uinue mkono juu, na twende hospitali sasa hivi."

"Kwa gari gani?" alilia Mwanawema. "Gari yetu iko matumbo nje!"

Ilikuwa kweli. Gari ya abiria ilikwisha kupita, na nyingine ingepita jioni. Nassor alianza kuumwa. Maumivu yalipanda kutoka kidoleni mpaka kwenye kifundo cha mkono, na jasho likamtoka usoni.

"Basi tuirudishe nozeli," alisema Mzee Jecha. "Mie siwezi kukaza spana kwa mkono huu. Mwanawema, utakaza wewe."

"Mie? Naiogopa gari hiyo!"

"Iogope. Aiogopaye huweka mkono mbali nayo."

Mwanawema alishika spana. Spana ikateleza, ikagonga chuma. Nassor alisimama kando, mkono juu, akimwelekeza kwa sauti iliyokatikakatika. Nozeli ikarudi mahali pake. Paipu ikafungwa. Mzee Jecha akapanda, akapiga stata. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka.

Mwanawema alisikia mlio mwembamba kwenye paipu. Akanyoosha mkono apapase.

"Mkono!" alipiga kelele Nassor.

Aliurudisha kama aliyeungua.

"Usitafute uvujaji kwa mkono," alisema Mzee Jecha akishuka. "Tafuta kwa boksi."

Akachana kipande kirefu cha boksi la sabuni, akasimama mbali, akakipitisha karibu na paipu. Boksi likalowa mstari mwembamba. Nati ya paipu haikukazwa vya kutosha.

"Sasa tunazima, ndipo tunakaza. Injini ikiwaka, nati haikazwi."

"Na isipowaka tena?" aliuliza Mwanawema.

Mzee Jecha akarudi garini. Akazima. Mwanawema akakaza nati kwa nguvu zake zote, huku machozi yakimtoka. Stata ikalia. Injini ikakohoa. Ikanyamaza. Stata ikalia tena. Bi Kazija alikuwa mlangoni akisoma dua kwa sauti. Injini ikawaka. Boksi likapitishwa, likatoka kavu.

Njia nzima Mwanawema aliushika mkono wa mumewe usishuke. Kila gari ilipokohoa kwenye mlima, aliinama mbele kana kwamba anaisukuma. Mzee Jecha alimwelekeza Nassor huku akiendesha.

"Tukifika, usiseme umejichoma. Watatazama tundu, watakuweka foleni. Sema dizeli imeingia mwilini kwa nguvu ya pampu."

Hospitali, muuguzi alikitazama kidole akataka kuwaonesha benchi. Mwanawema hakukaa.

"Dizeli imeingia mwilini mwake kwa nguvu ya pampu," alisema. "Leo, baada ya adhuhuri. Hajala kitu."

Muuguzi aliacha kalamu, akaenda kumwita daktari.

Nassor alipasuliwa jioni ile. Daktari alikifungua kidole mpaka kiganjani, akaosha dizeli, akaondoa nyama iliyokufa. Mwanawema na Mzee Jecha walingoja nje. Mwanawema alitaka kumuuliza Mzee Jecha kama vidole vyake viliuma vilipokatwa. Aliogopa jibu.

Daktari alipotoka, alisema, "Kidole kipo. Hakitakunjika sawa, na atakuja kuoshwa kidonda mara nyingi. Lakini kipo. Mngelala nyumbani, tungezungumza mengine."

Mwanawema alikaa chini sakafuni, akalia.

Kidonda kilichukua muda kupona. Kilipopona, Nassor alizipeleka nozeli zote kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia. Fundi yule hakuweka kidole mahali popote. Mashine ilimwonesha nozeli ipi imechakaa, akaibadilisha. Pikapu ikaacha kukohoa. Sasa wanawake wa njiani huziacha nguo zao kambani.

Kipande kile cha boksi kiko nyuma ya kiti cha dereva mpaka leo. Bi Kazija bado anakanda watu migongo, lakini kwanza huwauliza wameumizwa na nini.

Asubuhi moja Nassor alikuwa ameinama chini ya boneti, akikagua. Mwanawema alikaa garini, ameshika ufunguo.

"Haya, piga!" aliita Nassor.

Stata haikulia.

"Mwanawema! Piga stata!"

"Nataka kuiona mikono yako."

"Nakagua mkanda tu, mke wangu. Nozeli sizigusi."

"Yote miwili."

Nassor alicheka kidogo. Akatoka chini ya boneti, akasimama kando ya gari, akainua mikono. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda, na kovu lake lilishuka mpaka kiganjani. Mwanawema alikitazama mpaka akatosheka. Kisha akageuza ufunguo.