Chupa Iliyopaswa Kubaki Chafu

Biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya soko la Majengo yalijaa shabu ya kusafishia maji iliyoagizwa kutoka nje. Salha alisimama mbele ya duka la Harithi, kavaa gauni la kitenge cha njano lililowafanya wauza uwele wasahau bei, akaomba apimiwe kidogo. Harithi alimpimia polepole kuliko ilivyohitajika, akauliza ya kazi gani.

"Ya maabara. Nataka kuishinda hii shabu yako."

Harithi alicheka, akampenda papo hapo.

Tangu hapo simu ya maabara haikupumzika. "Wanao hawajambo?" Harithi aliuliza kila asubuhi. Wana wenyewe walikuwa bakteria, ambao Salha aliwatoa kwenye bwawa la Haneti, akawalisha maji ya makapi ya zabibu. Walitoa ute, na ute ule ulikusanya tope la majini hata likazama lenyewe. Salha alimweleza yote, isipokuwa jambo moja ambalo hakudhani lingehitaji kuelezwa.

Siku wakubwa wa idara ya maji walipokuja kuona, Salha aliandaa chupa mbili za maji ya tope, moja akaitia ute, nyingine akaiacha vilevile ili walinganishe. Kisha akatoka kuwapokea. Alipoingia nao, chupa zote mbili zilikuwa safi.

"Binti," Mhandisi Matonya, mkubwa wao, alisema, "mbona hata isiyo na dawa imetakata?"

Wenzake wakacheka. Kazi yote ya Salha ilikuwa inamponyoka. Alichovya karatasi ya kupimia uchachu kwenye chupa ya pili, ikawa nyekundu. Ute wake haukuwahi kuleta uchachu ule. Shabu huleta. Akapiga simu dukani.

"Umegusa chupa yangu?"

"Nilipoleta chapati nilikuta moja imekugomea, mpenzi. Nikaisaidia."

"Ile ilipaswa kubaki chafu, Harithi."

Akakata simu. Moyo ulimuuma kuliko aibu.

Wageni walikuwa wakiingia garini Harithi alipofika kwa baiskeli, anahema, shati limelowa.

"Shikamooni, wazee. Shabu niliitia mimi. Tafadhali, mrudieni."

Matonya alimtazama. "Wewe si yule muuza shabu wa Majengo? Ute huu ukifaulu, utakula wapi?"

"Najua, mzee. Lakini ute wake umefaulu."

Wakarudi. Salha alichanganya upya mbele yao. Chupa ya ute ikatakata, nyingine ikabaki na tope lake, na Matonya akaagiza ute ujaribiwe kwenye tangi la mji.

Walipobaki wawili, Salha alikuwa bado amekasirika.

"Hukuniamini. Uliniona nimeshindwa, ukanihurumia."

"Kweli. Nilikosa."

"Siolewi na mtu wa kunihurumia."

Harithi aliinua macho. "Na mtu wa kukuuliza kwanza?"

Salha alijitahidi asitabasamu, ikashindikana.

"Huyo alete wazee wake Kondoa, kwa baba."

"Lini?"

"Naona umeshaanza kuuliza," Salha alisema, akamshika mkono.